Diski ya Seva Inapokataa Kufunguka: Namna ya Kutafuta Hitilafu Hatua kwa Hatua

Mwongozo huu ni wa mtu anayetumia kompyuta ya mezani yenye Windows 10 au Windows 11, na ambaye faili zake za kazi hazimo ndani ya kompyuta hiyo bali zimehifadhiwa katika seva, yaani kompyuta inayotunza faili za watu wengi, iliyo mbali naye. Seva yaweza kuwa katika chumba cha pili cha ofisi hiyo hiyo ya Moi Avenue hapa Mombasa, yaweza kuwa makao makuu Nairobi, au mtumiaji mwenyewe ndiye aliye mbali, akifanyia kazi nyumbani Bamburi au Likoni kwa kupitia VPN, yaani njia ya siri inayopita ndani ya intaneti hadi kwenye mtandao wa ofisi. Katika hali zote hizi anachokiona kwenye skrini ni kilekile: diski yenye herufi kama Z au S, ambayo siku zote hufunguka kwa kubofya mara mbili, na ambayo leo haifunguki.

Kwa mji huu jambo hilo si dogo. Ofisi za uwakala wa forodha huweka kwenye diski ya aina hii ankara, hati za shehena na barua za wateja. Karani asipoipata hati ya kontena lililokwisha kushushwa Kilindini, kontena linaendelea kukaa, na siku zisizotozwa zikiisha gharama za uhifadhi huanza kuhesabiwa. Haraka hiyo ndiyo inayowasukuma watu kubahatisha: wanaifuta diski na kuiunda upya, wanazima ulinzi wa kompyuta, wanaazimana nywila, na hitilafu iliyokuwa moja inakuwa tatu. Ushauri wangu ni kinyume cha hayo. Kati ya kompyuta yako na faili kuna vituo vichache vinavyojulikana: waya au Wai-fai, njia ya kufikia mtandao wa ofisi, jina la seva, mlango wa seva, utambulisho wako, na ruhusa uliyopewa. Mara nyingi kilichoharibika ni kituo kimoja tu, na ukivipima kwa mpangilio huo, kuanzia kilicho karibu nawe, utakijua bila kubomoa chochote.

Kabla ya kugusa kitu

Bofya diski mara mbili, kisha subiri. Ujumbe wa hitilafu wakati mwingine hukawia, hasa kompyuta inapoitafuta seva isiyojibu, na mtu akibofya tena na tena katika muda huo anazidi kuilemea. Ujumbe ukitokea, upige picha kwa simu kabla ya kuufunga, kwa sababu nambari iliyomo ndani yake ina thamani kuliko maelezo yote utakayoyatoa baadaye kwa kukumbuka.

Kisha muulize aliye karibu. «Dada, Z yafunguka kwako?» Akijibu, «Yafunguka, kaka, nimo ndani sasa hivi,» umekwisha kujua kwamba seva iko hai na kwamba hitilafu iko upande wako. Akisema kwamba kwake pia imegoma, usipoteze muda kwenye kompyuta yako. Nenda kwenye seva, swichi ya mtandao au ruta. Swali hili halihitaji ufundi wowote, na bado nimeona ofisi zikilisahau asubuhi nzima.

Sasa fungua dirisha la amri: bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika cmd, kisha bonyeza Enter. Andika amri hii:

net use

Utapewa orodha ya diski zako za mtandao, herufi ya kila moja, na anwani yake kamili, kwa mfano \\hazina\nyaraka, ambapo hazina ni jina la seva na nyaraka ni jina la folda iliyoshirikishwa. Andika anwani hiyo kwenye karatasi, maana utaihitaji katika kila hatua inayofuata. Ukiona neno «Disconnected» mbele ya diski, usishtuke. Seva za Windows kwa kawaida hukata muunganisho uliokaa dakika 15 bila kazi ili kupunguza mzigo, na muunganisho hurudi wenyewe unapoifungua diski. Alama nyekundu ya mkato juu ya diski nayo mara nyingi haina maana zaidi ya hiyo, hasa kwenye kompyuta inayotumia Wai-fai, ambayo humaliza kuwaka kabla mtandao haujapatikana.

Nambari za hitilafu zinazorudi mara kwa mara ni chache, na kila moja ina mahali inapoelekeza. Hitilafu 53, ambayo katika dirisha la kawaida huonekana kama 0x80070035, ina maana kwamba kompyuta haikuifikia seva kabisa. Tatizo liko kwenye waya, njia, jina au mlango. Hitilafu 67 kwa kawaida hutokea pale ambapo jina la folda limekosewa au folda hiyo haishirikishwi tena. Hitilafu 86 na 1326 zinahusu jina la mtumiaji au nywila, 1909 ina maana akaunti imefungwa baada ya nywila kukosewa mara nyingi, na 1219 ni ya watu wawili kuingia kwa kompyuta moja, nami nitaieleza kwa kirefu mahali pake. Hitilafu 5 inasema kwamba umefika, umetambuliwa, lakini huna ruhusa. Mwenye hitilafu 5 hana sababu ya kugusa waya, na mwenye hitilafu 53 hana sababu ya kubadilisha nywila.

Hatua ya kwanza: waya, stima na anwani

Tazama taa ndogo pale waya wa mtandao unapoingia nyuma ya kompyuta. Zikiwa zimezimika, chomoa waya na uuchomeke tena mpaka usikie mlio wa kushika. Hapa Pwani ninapendekeza pia uitazame ncha ya waya kwa makini: hewa ya chumvi na unyevu hula vipande vidogo vya shaba kwenye ncha, vikafifia au vikaingia rangi ya kijani, hasa katika ofisi zilizo karibu na bahari ambazo madirisha yake hufunguliwa usiku. Ncha ya namna hiyo haikatiki moja kwa moja; hushika na kuachia, ndiyo maana diski hufunguka asubuhi ikagoma mchana. Badilisha waya kabla ya kutilia shaka kitu kingine.

Kisha andika ipconfig kwenye dirisha la amri. Tafuta mstari wa anwani ya IPv4. Anwani ikianza na 169.254, kompyuta haikupewa anwani na ruta bali imejibunia yake, na kwa anwani hiyo haiwezi kufika popote. Andika ipconfig /release, halafu ipconfig /renew, na ikishindikana ichunguze ruta.

Stima inapopotea na kurudi, mpangilio wa kuwasha una umuhimu mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Ruta na swichi ziwashwe kwanza na kuachwa dakika chache zitulie, kisha seva, kisha kompyuta za wafanyakazi. Seva iliyowekwa ipokee anwani kutoka kwa ruta, ikiwaka kabla ya ruta kuwa tayari, inaweza kubaki bila anwani ya kufaa, au ikapewa nyingine tofauti na ile ambayo kompyuta zote zinaikumbuka. Dawa ya kudumu ni seva kuwekewa anwani isiyobadilika. Msimamizi wa mtandao ambaye hajafanya hivyo aombwe afanye leo, si baada ya stima kupotea tena.

Hatua ya pili: njia ya kutoka nyumbani hadi ofisini

Anayefanya kazi ofisini palipo na seva aipite hatua hii. Aliye nyumbani aanze kwa kuhakikisha kwamba VPN imeunganishwa kweli, kwa maana kufunguka kwa kurasa za intaneti si ushahidi wa kwamba VPN inafanya kazi. Pima kwa kuandika ping ikifuatwa na anwani ya nambari ya seva, kwa mfano:

ping 192.168.10.5

Majibu yakirudi, njia ipo. Yasiporudi, usikate shauri bado, kwa kuwa seva nyingine huamriwa zisijibu ping ilhali mlango wa faili uko wazi. Hatua ya nne ndiyo itakayotoa hukumu.

Kuna mgongano mmoja ambao huwatesa watu kwa muda mrefu bila kuutambua. Ruta nyingi za nyumbani hutoka kiwandani zikiwa na mtandao wa 192.168.1 au 192.168.0. Ikiwa ofisi nayo inatumia mtandao wa 192.168.1, basi kompyuta iliyoko Bamburi inapoitafuta seva yenye anwani 192.168.1.10 huamini kwamba seva hiyo imo ndani ya nyumba hiyo hiyo, inaitafuta sebuleni, na haipeleki ombi kwenye VPN kamwe. Dalili yake ni kwamba VPN inaonyesha imeunganishwa, wenzako walio na ruta za aina nyingine wanafungua diski, nawe hufungui. Linganisha anwani yako ya nyumbani na ya ofisini kwa ipconfig. Sehemu tatu za mwanzo zikifanana, ingia kwenye mipangilio ya ruta yako na ubadilishe mtandao wa nyumbani uwe, kwa mfano, 192.168.87, kisha uwashe vifaa vyote upya. Ingekuwa bora zaidi ofisi ndiyo ibadilishe wake, kwa sababu ofisi ni moja na nyumba ni nyingi, lakini kazi hiyo hugusa seva, printa na kamera zote, na haifai kufanywa siku ya kazi.

Niseme pia neno kuhusu nyaya za chini ya bahari, maana kila intaneti inapolegea hapa kwetu lawama huziendea. Ni kweli kwamba nyaya hizo hutua Mombasa: SEACOM na TEAMS zilianza kazi mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010, na mwezi wa Mei 2024 EASSy na SEACOM zilipokatika kwa pamoja, intaneti ililegea katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki. Hata hivyo, seva iliyo katika jengo lako haiguswi na nyaya hizo hata kidogo, na diski yake inapaswa kufunguka hata intaneti ikiwa imekufa kabisa. Ikiwa intaneti na diski ya ndani ya jengo zimegoma kwa wakati mmoja, mtuhumiwa ni swichi au ruta yenu.

Hatua ya tatu: jina la seva

Kompyuta hutafuta seva kwa nambari, ilhali wewe umeandika jina. Kazi ya kulitafsiri jina liwe nambari hufanywa na seva ya majina, yaani DNS, na hapo ndipo mambo mengi hukwama. Kipimo chake ni chepesi. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R na uandike anwani ya seva kwa nambari badala ya jina:

\\192.168.10.5\nyaraka

Folda ikifunguka kwa nambari na kugoma kwa jina, tatizo ni la jina tu. Andika nslookup hazina na utazame ni seva gani ya majina inayokujibu. Ukiona 8.8.8.8, ambayo ni ya Google, umepata chanzo: mtu fulani, pengine wewe mwenyewe siku intaneti ilipokuwa nzito, aliiandika kwa mkono katika mipangilio, na seva hiyo ya umma haiwezi kujua kwamba ofisi yenu ina kompyuta iitwayo hazina. Rudisha mipangilio ili anwani ya DNS ipatikane yenyewe, kisha ufute kumbukumbu ya zamani ya majina kwa amri hii:

ipconfig /flushdns

Kwa aliye kwenye VPN, jaribu pia jina refu la seva, kwa mfano hazina.ofisi.lan, kwa kuwa jina fupi mara nyingi halikamilishwi likitafutwa kutoka nje ya ofisi. Jina refu likifanya kazi, unganisha diski kwa jina hilo. Sipendekezi kuiacha diski ikitumia nambari moja kwa moja kama suluhisho la kudumu, kwa sababu siku anwani itakapobadilishwa kila kompyuta italazimika kurekebishwa, na kwa sababu ofisi ambazo akaunti za wafanyakazi wote husimamiwa mahali pamoja hutumia njia imara ya utambulisho iitwayo Kerberos, ambayo kwa kawaida hutegemea jina wala si nambari.

Hatua ya nne: mlango namba 445

Windows hugawa faili kwa utaratibu uitwao SMB, nao hutumia mlango namba 445. Kujua kama mlango huo uko wazi ni sawa na kupiga hodi: huingii ndani, unasikiliza tu kama kuna anayeitikia. Fungua PowerShell, ambayo ni dirisha jingine la amri la Windows, na uandike:

Test-NetConnection hazina -Port 445

Mwishoni mwa majibu tafuta mstari wa TcpTestSucceeded. Ukisema True, seva imeitikia, na hatua zote za kabla ya hapa zimepita, hata kama ping ilinyamaza. Ukisema False, kuna kizuizi njiani: faiwoli (ukuta wa ulinzi) ya kompyuta yako, faiwoli ya seva, sheria za VPN, au huduma ya kugawa faili kwenye seva haikuwaka baada ya seva kuanzishwa upya. Kwa upande wako, angalia kama Windows imeutambua mtandao wa ofisi kuwa wa umma badala ya wa faragha, na uangalie programu ya kuzuia virusi iliyosakinishwa karibuni, kwa maana baadhi yake huja na faiwoli yake yenyewe. Kuizima faiwoli kwa dakika moja ili kupima, fundi akiwapo, kunaelezeka. Kuiacha imezimwa ili kazi iendelee hakukubaliki.

Ikiwa unajaribu kufungua diski kutoka nyumbani bila VPN, jibu la False ndilo linalotakiwa. Watoa huduma wengi wa intaneti huuziba mlango wa 445, nao wana haki. Mwezi wa Mei 2017 programu haribifu ya WannaCry ilienea duniani kwa kupitia mlango huu huu, ikitumia udhaifu katika toleo la kwanza la SMB ambao Microsoft ilikuwa imetoa dawa yake mwezi wa Machi mwaka huo. Waliodhurika zaidi ni waliokuwa hawajaiweka. Kwa hiyo fundi akikushauri aufungue mlango wa 445 kwenye ruta ya ofisi ili watu waingie moja kwa moja kutoka nje, mkatalie kwa heshima na umwombe aweke VPN.

Vifaa vya zamani huangukia hapa pia. Tangu toleo la Windows 10 la mwaka 2017 liitwalo 1709, toleo la kwanza la SMB halisakinishwi tena lenyewe, na Windows 11 ya 24H2, iliyotoka mwaka 2024, imeongeza masharti: matoleo ya kiofisi hudai mawasiliano yatiwe saini, na hayakubali kuingia kama mgeni asiye na nywila. Ndiyo maana kisanduku cha kuhifadhia faili kilichofanya kazi miaka mingi, au mashine ya fotokopi inayotuma skani kwenye folda ya pamoja, hugoma ghafla kompyuta inaposasishwa au seva inapobadilishwa. Tafuta kwanza programu mpya ya kifaa hicho kwa mtengenezaji, na ukiwekee jina la mtumiaji na nywila yake chenyewe. Kulirudisha toleo la kwanza la SMB kwa ajili ya fotokopi moja ni kuiweka ofisi nzima hatarini.

Hatua ya tano: utambulisho wako

Hapa ndipo hitilafu nyingi za ofisini hulala, na zina sura tatu.

Ya kwanza ni nywila ya zamani iliyohifadhiwa. Ulibadilisha nywila Ijumaa, lakini Windows bado inaikumbuka ile ya awali na inaipeleka kwa seva bila kukuuliza, tena na tena, mpaka akaunti yako inafungwa. Andika cmdkey /list ili uone kilichohifadhiwa, na ukiona jina la seva yako kwenye orodha, lifute:

cmdkey /delete:hazina

Fungua diski tena, na safari hii utaulizwa nywila. Ikiwa akaunti ilikwisha kufungwa, mwombe msimamizi aifungue baada ya kufuta nywila ya zamani. Ukitanguliza kumwomba, kompyuta itaifunga tena muda si mrefu.

Ya pili ni hitilafu 1219. Windows hairuhusu akaunti moja ya Windows kuingia kwenye seva moja kwa majina mawili ya watumiaji kwa wakati mmoja. Hutokea pale ambapo mwenzako alikaa kwenye kompyuta yako, akafungua folda yake kwa jina lake, akaondoka. Muunganisho wake ungali hai, na Windows inakukatalia wewe. Funga faili zote zilizofunguliwa, andika net use uone miunganisho iliyopo, kisha ukate ile ya seva hiyo mmoja mmoja, kwa mfano net use \\hazina\nyaraka /delete. Mkianza kutumia akaunti tofauti za Windows kwa kila mtu, hitilafu hii hutaiona tena. Kuazimana nywila, ambako watu hukimbilia hapa, kunaondoa uwezo wa kujua nani alifuta hati gani, na siku hati ya mteja ikipotea, lawama humwangukia mwenye jina.

Ya tatu ni saa. Kerberos haikubali tofauti ya zaidi ya dakika 5 kati ya saa ya kompyuta na ya seva, isipokuwa msimamizi awe ameibadilisha. Kompyuta za mezani za zamani zina betri ndogo ya duara kwenye ubao mkuu, kwa kawaida ya aina ya CR2032. Betri hiyo ikifa, kila stima inapozimwa ukutani jioni, saa hurudi nyuma kwa miaka, na asubuhi diski inagoma huku hata kurasa za benki zikilalamika kwamba vyeti vyao si halali. Ukiona dalili hizo mbili pamoja, itazame tarehe kwenye pembe ya skrini kabla ya kitu kingine chochote.

Kuna jambo jingine la saa linalostahili uangalifu zaidi. Kompyuta iliyowekewa Windows upya mara nyingi huja na majira ya pwani ya magharibi ya Marekani. Mtumiaji anaona saa imekosea, anaisogeza kwa mkono mpaka isome saa tatu asubuhi kama simu yake, na anaridhika. Lakini majira hayakubadilika, kwa hiyo kwa hesabu ya seva, ambayo hutumia saa ya dunia, kompyuta hiyo sasa imekosea kwa saa kumi au zaidi. Weka kwanza majira ya Nairobi, yaliyo saa 3 mbele ya saa ya dunia, kisha ufungue dirisha la amri kwa haki za msimamizi na uandike w32tm /resync.

Hatua ya sita: ruhusa

Hitilafu 5 inapotokea, seva inakujua na imekataa. Kwenye seva ya Windows ruhusa huwekwa mahali pawili, kwenye ushirikishaji wa folda na kwenye folda yenyewe, na ile iliyo kali zaidi ndiyo inayotawala. Msimamizi anayesema kwamba amekupa ruhusa kamili ilhali unaweza kusoma tu, yumkini amebadilisha sehemu moja na kuisahau nyingine.

Ikiwa umeongezwa kwenye kundi jipya asubuhi hii, toka kwenye akaunti yako na uingie tena, kwa sababu kompyuta hulijua kundi jipya wakati wa kuingia. Aliye kwenye VPN aunganishe VPN kwanza, kisha afunge skrini kwa kitufe cha Windows na L na kuifungua tena akiwa bado ameunganishwa.

Folda iliyotoweka kabisa, badala ya kukataa kufunguka, huenda imefichwa kwa sababu umeondolewa ruhusa, maana seva nyingi huwekwa zisimwonyeshe mtu asichoruhusiwa. Lakini kabla ya kudhani hivyo, tafuta ndani ya folda jirani. Mkono unaoteleza kwenye kipanya huweza kuiburuta folda ya mteja mzima na kuitumbukiza ndani ya nyingine bila mwenye mkono kujua. Usipoiona, bofya kwa kitufe cha kulia kwenye folda iliyokuwa na hiyo iliyopotea na utazame matoleo ya awali, ambayo huwapo iwapo msimamizi aliiwezesha huduma hiyo.

Hatua ya saba: kuunganisha diski upya

Sasa, na si kabla ya hapa, unaweza kuifuta diski na kuiunda tena:

net use Z: /delete
net use Z: \\hazina\nyaraka /persistent:yes

Fanya hivyo katika dirisha la amri la kawaida. Diski iliyoundwa katika dirisha lenye haki za msimamizi kwa kawaida haionekani kwenye dirisha lako la faili, na watu wengi wamehangaika wakidhani amri imeshindwa ilhali imefaulu mahali wasipoweza kuiona. Ukiambiwa hitilafu 85, herufi hiyo inatumika tayari, pengine na flashi uliyoichomeka. Chagua herufi za mwisho wa alfabeti ambazo flashi hazizifikii kwa urahisi.

Inapofunguka lakini kwa taabu

Diski ya VPN inayoonyesha orodha ya folda vizuri kisha ikaganda mara unaponakili faili kubwa ina ugonjwa wake maalumu: vifurushi vya data ni vikubwa kuliko njia inavyoweza kupitisha. Pima kwa ping -f -l 1400 ikifuatwa na anwani ya seva. Ukiambiwa kifurushi kinahitaji kugawanywa, punguza nambari kidogo kidogo mpaka majibu yarudi, jumlisha 28 kwenye nambari iliyoleta majibu, na umpe fundi wako jibu hilo airekebishe VPN. Ikiwa faili moja tu ndiyo inayogoma kunakiliwa, hesabu urefu wa anwani yake yote pamoja na majina ya folda, kwa sababu programu nyingi za Windows hukomea herufi 260.

Faili za hifadhidata, zikiwemo za programu nyingi za uhasibu za zamani, zisifunguliwe kamwe kupitia diski ya VPN. Muunganisho ukikatika katikati ya kuandika, faili yaweza kuharibika kwa watumiaji wote. Tumia njia ya kuiendesha kompyuta ya ofisini kutoka mbali, ili faili isitoke kwenye mtandao wake wa ndani.

Unapolazimika kumwita fundi

Mwandikie ujumbe mmoja uliokamilika, kwa mfano: «Habari za asubuhi, fundi. Z, yaani \\hazina\nyaraka, haifunguki tangu saa mbili unusu. Hitilafu ni 53. Niko nyumbani, VPN imeunganishwa. Wenzangu walioko ofisini wanaifungua. Ping kwa nambari yajibu, Test-NetConnection kwa nambari yasema True, kwa jina yashindwa. Nslookup yajibiwa na 8.8.8.8.» Ambatisha picha ya ujumbe wa hitilafu, na usiandike nywila yako humo, hata ukiombwa.